Donge la Jumamosi

Mimi ni fundi rangi mstaafu, na hilo lieleweke mapema kabla hamjaanza kunicheka. Miaka thelathini na minane nimepaka kuta za watu: shule, zahanati, maduka, nyumba za matajiri wasiojua wanataka rangi gani na nyumba za maskini wanaojua sana. Nikisimama ng'ambo ya barabara nitakuambia ukuta umepigwa mikono mingapi ya rangi na kama fundi alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeokota rangi shimoni, akakaa nayo wiki saba, akiuliza kila mtu, "Jamani, hiki ni kitu gani?" Haya, chekeni mmalize, nisimulie.

Chanzo ni fundi bomba. Choo kilikuwa kinarudisha maji, akaja, akachungulia, akaguna, akasema lazima lichimbwe shimo jipya nyuma ya jiko. Vibarua wake walipofika kiunoni wakaanza kutoa majivu, vigae, chupa, mifupa na makopo yaliyoliwa na kutu. "Mzee," akasema, "hapa palikuwa jalala lenu." Kweli palikuwa. Kabla gari la taka halijaanza kupita mtaani kwetu, kila nyumba ilikuwa na shimo lake. Likijaa unalifukia, unachimba lingine. Nilikuwa nimesahau kabisa. Fundi bomba akahamia kando ya ukuta na shimo lake, mimi nikabaki na langu.

Sikuwa na kazi nyingine. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne kabla ya hapo. Binti yangu, ndiye huyo mmoja tu, anaishi mbali, ana kazi na watoto, na hunipigia simu kila Jumapili saa nane mchana. Baba umekula? Nimekula. Dawa umemeza? Nimemeza. Haya Baba, wasalimie wote. Wote akina nani, sijui. Nyumba ina vyumba vinne, mimi natumia kimoja na nusu. Basi asubuhi moja nikachukua sururu na koleo dogo, nikashuka shimoni, na jioni yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikala chakula kwa sababu nilikuwa na njaa.

Jalala la nyumbani lina mambo. Ukilifungua huwezi kuamini kwamba ni ninyi mlioyatupa hayo. Siku ya pili nilitoa kijiti cheusi, kizito kidogo, kirefu kama kidole, laini pande zote. Si mkaa, si chuma, si jiwe. Nilikigeuza mkononi jioni nzima kikanikosesha raha. Jumapili nikamwambia binti yangu, naye akasema, "Baba, kuna kundi la watu kama wewe kwenye simu. Nikuingize?"

"Watu kama mimi ni watu gani?"

"Wanaochimba taka."

Nikatukana kidogo, akacheka, akaniingiza. Lilikuwa Kundi la Wafukuaji, watu mia mbili na kitu. Unapiga picha ya ulichokiokota, unaweka kiberiti kando ili ukubwa uonekane, unauliza. Mimi nikauliza. Haikupita dakika tano, mama mmoja mshonaji, ambaye kundi zima linamwita Mama Vifungo, akajibu: "Chora nacho kwenye karatasi." Nikachora. Kikaacha mstari mweusi kama penseli. "Basi hicho ni kiini cha betri ya tochi, Fundi. Karibu." Loo! Nilikaa kitandani nikitabasamu peke yangu mithili ya mwendawazimu.

Hapo ndipo nilipomjua Mwalimu. Alikuwa amefundisha kemia hadi akastaafu, na kundini yeye ndiye hakimu. Wengine wakibishana kama kitu ni mfupa au plastiki, yeye huandika mstari mmoja na mabishano yanakwisha. Mfupa mkavu hunata ulimini. Ganda la kombe huchemka ukilidondoshea siki. Pembe ukiichoma hunuka kucha. Plastiki za kwanza kabisa ukizisugua kwa dole gumba mpaka zipate moto, nyingine hunuka kafuri, nyingine hunuka dawa ya kuoshea sakafu ya hospitali. Nilikuwa nikiyasoma hayo na kuyarudia kwa sauti huku nikichemsha maji ya chai.

Kisha nikaliokota donge.

Lilikuwa kwenye tabaka la majivu, chini ya kipande cha bati. Ukubwa wake ni kama ngumi yangu, upande mmoja umebonyea kana kwamba lilikuwa limekumbatia kitu cha mviringo. Nje lilikuwa la kahawia iliyoungua, gumu, limejaa mikunjo na punje za majivu zilizoganda. Zito kuliko plastiki, jepesi kuliko jiwe. Kucha haikuliparuza lakini kisu kiliacha alama. Nikalipiga picha na kiberiti chake. Kundi likalipuka. Mmoja akasema utomvu wa mti, mwingine lami, mwingine kwato, mwingine akaandika kwamba tumwite daktari wa mifugo. Siku mbili simu yangu haikunyamaza. Mwisho Mwalimu akaandika: "Picha haina uzito. Fundi, unaishi wapi? Jumamosi naweza kufika."

Nilifagia nyumba yote. Hata vyumba nisivyovitumia nilivifagia, sijui nilidhani atalala wapi.

Alifika saa nne, mzee mrefu mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingo, amebeba sanduku la bati. Amepanda mabasi mawili. Hakutaka hata kukaa kwanza. Akafungua sanduku lake mezani barazani, akapanga: sumaku iliyofungwa uzi, mshumaa, sindano yenye mpini wa kizibo, chupa ya siki, chupa ya spiriti, mkebe wa chumvi, kioo cha kukuzia, daftari. Akaliweka donge katikati, akalitazama muda mrefu bila kuligusa.

"Fundi, nitakuambia kanuni yangu moja," akasema. "Hatukati. Kukata ni kwa wavivu. Kitu kikishakatwa kimekatwa, hakirudi. Tunakiuliza kwa nje mpaka kiseme chenyewe."

Sumaku ikapita, donge halikujali. Siki haikulichemsha. Kwenye maji ya chumvi likazama. Spiriti haikulifanya lolote. Mwisho akaipasha sindano kwenye mshumaa mpaka ikawa nyekundu, akaichomeka kwenye mkunjo mmoja, ukatoka moshi mwembamba. Akaunusa kwa macho yaliyofumbwa.

"Mafuta," akasema. "Kuna mafuta humu, ya zamani, yaliyokauka. Wewe unanusa nini?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Pua yangu ilikufa zamani. Thina ya kuyeyushia rangi iliila taratibu, na nilipokuja kugundua hata samaki aliyeoza nilikuwa simsikii. Mke wangu ndiye aliyekuwa akininusia maziwa. Lakini mtu amekuja kwa mabasi mawili, ameniuliza kama mwenzake, mimi nimwambie sina pua? Nikavuta pumzi, nikakunja uso kitaalamu.

"Kama wewe, Mwalimu. Mafuta."

Akaandika daftarini, kwa mwandiko mzuri: sisi wawili tumenusa mafuta. Akanywa chai, akala mkate, akaniambia nyumbani kwake kuna wajukuu saba na kwamba sumaku hii ni ya tatu, mbili za kwanza wamezificha. Saa tisa akafunga sanduku. Mlangoni akageuka. "Donge lako ni jeuri," akasema. "Nitarudi Jumamosi."

Nikayashika maneno hayo wiki nzima.

Akarudi. Akarudi na ya tatu, na ya nne. Kila Jumamosi kipimo kipya na kila Jumamosi donge likatushinda. Alipima uzito wake kwenye maji kwa mizani ya sonara aliyoiazima. Alikwangua unga kidogo akauchoma juu ya kijiko. Kila mara aliniuliza nanusa nini, na kila mara nilinusa alichonusa yeye. Katikati ya vipimo tulikuwa tukipiga soga: jinsi chokaa inavyozimwa kwa maji, kwa nini bluu hupauka haraka kuliko nyekundu, wanafunzi wake waliolipua dirisha la maabara, tajiri mmoja aliyenifanya nipake sebule mara nne halafu akarudia nyeupe ya kwanza. Alicheka kwa hiyo ya tajiri mpaka akavua miwani. Jamani, kumchekesha mtu mezani kwako! Nilikuwa nimesahau kwamba ninajua kuchekesha.

Nitasema wazi, sioni haya tena. Kuanzia Jumatatu nilikuwa nasubiri Jumamosi. Jumanne nanunua chai, Alhamisi naulizia mkate mpya, Ijumaa nafagia. Na nilikuwa najua vizuri kabisa kwamba Mwalimu haji kwa ajili yangu. Haji kwa ajili ya mkate wangu wala hadithi zangu. Anakuja kwa donge. Siku litakapojulikana ni nini, ataandika mstari wake mmoja, atafunga sanduku, na mimi nitarudi kwenye Jumapili saa nane. Kwa hiyo kila kipimo kiliposhindwa nilisikitika kwa mdomo, rohoni nikashukuru.

Sasa mniulize, ikiwa hivyo, kwa nini nililikata?

Ilikuwa Jumatano, wiki ya saba. Tangu Jumapili sikuwa nimesema neno na binadamu. Duka la jirani lilikuwa limefungwa, kundi kwenye simu lilikuwa kimya, na asubuhi ile nilijaribu kuimba nikasikia sauti imekwama kooni, imekauka kwa kutotumika. Nikapandwa na hasira. Hasira ya nani? Hata sijui, ya nyumba, ya simu. Donge lilikuwa pale mezani, limekaa, linanitazama. Nikaliambia, "Na wewe umenichosha!" Nikaenda stoo, nikachukua msumeno wa chuma, nikalibana kwenye jiliwa, nikalikata.

Lilipoachana vipande viwili, nilivipangusa kwa kitambaa kibichi, nikavisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Ebo!

Ndani lilikuwa na mistari. Mamia ya mistari, myembamba kama karatasi, imezungukana kwa mikunjo: nyeupe, kijani, bluu, maziwa, nyeupe, nyeupe, kijivu, manjano, nyeupe. Sikuhitaji sindano wala siki. Ile kijani nzito ilikuwa ya ile shule yenye madarasa kumi na mawili. Ile ya maziwa ilikuwa zahanati. Bluu kali, duka la dawa la kona, mwenyewe alitaka ionekane toka stendi. Nilikuwa nashika miaka yangu ya kazi, yote, mkononi.

Nikakumbuka na mahali pake. Mlango wa jikoni ulikuwa na nguzo ya mti iliyoshikilia paa la baraza la nyuma. Kila jioni nikirudi kazini, kabla ya kuloweka brashi, nilikuwa naipangusa kwenye nguzo ile, mahali palepale, usawa wa kifua. Mkono mmoja leo, mmoja kesho. Miaka na miaka. Mke wangu alikuwa akigomba, "Hiyo nguzo ni ya kuegemea, si ya kupangusia!" Mimi namjibu kwamba siku nyingine nitaipangusia kwenye kanga yake. Nguzo ilipoliwa na mchwa tukaweka ya chuma. Siku hiyo alikuja sebuleni ameshika donge hilo mkononi, amelibandua kwenye nguzo ya zamani. "Hiki nikiweke?" akaniuliza. Mimi nilikuwa nasikiliza mpira redioni. Sikugeuza hata shingo. "Takataka hiyo," nikamwambia. "Katupe."

Akaenda akatupa.

Katikati ya mistari kulikuwa na miwili ya waridi, imekaribiana. Wa kwanza ni mzito, umekaa kama fizi. Wa pili ni mwepesi. Binti yetu alikuwa na miaka sita, alitaka chumba cha waridi, dukani haikuwepo, nikachanganya mwenyewe. Mama yake akaja akatazama ukuta akasema, "Baba Nanihii, umempaka mtoto mdomo wa ng'ombe." Mtoto akaangua kilio. Nikachanganya tena usiku kucha, na asubuhi wote wawili wakasimama mlangoni wakakubali. Nikaweka kidole kwenye mstari ule nikalia. Nililia kwa sauti, hakukuwa na mtu wa kumsumbua.

Nilipomaliza kulia nikafikiria Jumamosi.

Mtu mzima mwenye akili zake angefanya nini? Angempigia Mwalimu, amwambie, Mwalimu, nimejua, ni rangi ya nguzo yangu. Mimi hapana. Mimi ni fundi. Kuficha ufa ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nikachanganya puti, nikaviunganisha vipande viwili, nikavifunga kwa mpira, nikaacha usiku mmoja. Alhamisi nikapiga msasa mshono. Nikatengeneza rangi ya ganda: kahawia, nyeusi kidogo, tone la varnishi, thina ya kutosha ising'ae. Nikaipaka kwa brashi nyembamba ya kuandikia herufi, mkunjo kwa mkunjo, na kabla haijashika nikaipulizia majivu ya shimo lilelile. Ijumaa jioni nikaliweka juani, nikalizungusha. Haki ya Mungu, mimi mwenyewe sikuuona mshono. Nilijivuna. Nikalifunga ndani ya kitambaa, nikaliweka kwenye mkebe wenye mfuniko ili lisipate vumbi, nikaenda kufagia.

Jumamosi Mwalimu alikuja na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Alikuwa amesoma usiku kucha, akasema. Ana wazo. Utomvu wa aina fulani uliochanganyika na nta. Kama ni huo, atawaandikia watu wa jumba la makumbusho. "Fundi, huenda umeokota kitu kikubwa!" Akanipiga begani. Mimi nikageukia birika.

Akafungua mkebe.

Mkono wake ukasimama hewani. Hakulitoa donge. Aliinamisha kichwa juu ya mkebe, akavuta pumzi mara moja, fupi, akaninyanyulia macho.

"Fundi," akasema taratibu, "hiki kinanuka duka la rangi."

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Wewe husikii?"

"Nasikia mafuta," nikasema. Nilijua nimeharibu hata kabla sijafunga mdomo.

"Mafuta!" Akasukuma kiti nyuma. "Thina imejaa mpaka macho yananiwasha, wewe unasikia mafuta?" Akalitoa donge, akalisugua kwa dole gumba, akatazama kidole chake. Kilikuwa na kahawia. Hakuniuliza tena kitu. Akachukua kisu chake kidogo, akatafuta kwa ncha, akaupata mshono wangu ambao mimi mwenyewe sikuuona, akapekecha. Puti ikaachia. Vipande viwili vikalala mezani, mistari juu.

Kwa muda alisahau kunikasirikia. Akashika kioo chake, akainama. "Mtume!" akasema kwa sauti ya chini. "Rangi. Ni rangi tupu. Matabaka mia mbili, zaidi." Nami nikasogea, nikanyoosha kidole, nikitaka kumwonyesha. Nilitaka kuanzia kijivu cha ndani kabisa, kazi yangu ya kwanza, nije polepole mpaka kwenye waridi mbili, nimwambie habari ya mdomo wa ng'ombe. Nilikuwa na hakika angecheka mpaka avue miwani.

"Hizi nyeupe za zamani zina madini ya risasi," akasema. "Ndiyo sababu ya uzito. Osha mikono kabla ya kula." Akaweka kioo chini. "Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Na pua?"

"Pua sina, Mwalimu. Miaka kumi na tano sasa. Thina."

Akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa sita, akasoma kimyakimya. Sisi wawili tumenusa. Sisi wawili tumenusa. Akachukua kalamu, akaanza kufuta kila mahali nilipoandikwa, mstari mmoja mnyoofu juu ya kila neno, na hakuharakisha. Afadhali angenitukana.

"Nisikilize," nikasema. "Nilijua nikikuambia hutakuja tena."

Akanitazama. Hakuwa mtu mbaya, na hata pale hakuwa na ubaya. Alilifikiria jambo lenyewe kama swali lililoulizwa darasani.

"Ni kweli," akasema. "Ningekuja kufanya nini?"

Jibu lilikuwepo, lakini si la kumpa mtu aliyeshika daftari. Nilitaka kusema, kuja tu. Ukae. Unywe chai, tuwaseme watu. Lakini mtu ana wajukuu saba nyumbani, watu wa kukaa nao tu anao mpaka wanamwibia sumaku. Akapanga vitu vyake sandukuni, kila kimoja mahali pake, akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka saa tano kasorobo.

Jioni aliandika kundini: "Donge la Fundi limetambulika. Ni rangi, matabaka ya miaka mingi, yamekatwa na kuonekana. Suala limefungwa." Hakutaja puti. Hakutaja pua. Alinisitiri, na hilo likaniuma kuliko kama angenianika. Watu wakapiga makofi ya picha, vidole gumba, mmoja akaandika hongera. Kisha kukawa kimya. Jumapili binti yangu akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Nikataka kumwambia kwamba nimekiona chumba chake, nikaanza, nikasikia mtoto wake analia nyuma, akasema, "Baba, subiri kidogo," simu ikakatika. Alipiga tena baada ya robo saa, nikamwambia hakuna kitu.

Siku nne sikushuka shimoni. Siku ya tano simu ikalia. Mama Vifungo ameweka picha: kitu cha rangi ya asali, chepesi, amekitoa chini ya banda la kuku la zamani nyumbani kwa mama yake, upande wa pili wa mji. Kiberiti kando. "Wataalamu, nisaidieni, kimenishinda kabisa." Na chini yake, haikupita hata dakika:

"Picha haina uzito. Unaishi wapi? Jumamosi naweza kufika."

Maneno yaleyale, hata hakuyabadilisha. Nikaitupa simu kitandani. "Potelea mbali!" nikasema, kwa nguvu, nyumba nzima ikasikia, yaani mimi. Nikaenda jikoni. Nikarudi. Nikaichukua.

Miaka thelathini na minane watu walinifuata mimi. Walikuja mlangoni, walisubiri, walinibembeleza niache kazi ya mwingine nianze yao. Katika maisha yangu sijawahi kuomba kualikwa mahali. Hata posa niliwatuma wajomba. Nikaandika, "Na mimi naweza kuja?" Nikafuta. Nikaandika, "Kama mnahitaji mtu wa kuchimba." Uongo mwingine huo, nikafuta. Nikaandika tena ya kwanza, nikafumba macho, nikatuma kundini mbele ya watu mia mbili.

Mama Vifungo akajibu upesi. "Karibu Fundi, huku kuna kuku wakali tu."

Mwalimu alikuwa anaandika. Simu inakuonyesha mtu akiwa anaandika. Akaandika, akaacha. Akaandika, akaacha. Mimi nimesimama katikati ya chumba, mzee wa miaka sitini na minane, roho juu juu kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa jina. Kisha ikaja.

"Njoo. Lakini ukijua ni nini, useme."

Nikaandika, "Nitasema," nikaituma kabla sijapata nafasi ya kuifuta.